Mwalimu Aliyejifanya Mashine

Idah Gathogo alikuwa amefundisha madarasa ya chini kwa miaka ishirini na saba wakati mwalimu mkuu, Bwana Odongo, alipomkabidhi ufunguo wa kabati la tableti. Shule yao iko Ngoliba, upande wa mashamba ya nyanya, na tableti hizo zilikuwa zimekaa kabatini tangu ziletwe, zikila vumbi. Idah alimwambia waziwazi kwamba hata simu yake mwenyewe hurekebishwa na bintiye. Odongo akasema hana mwingine wa kumpa.

Basi Jumamosi tano mfululizo Idah alienda Kimbo kwa bintiye Becky, fundi wa simu. Becky si mvumilivu. Akimwonyesha mamake kitu, vidole vinakimbia tu. Mwishowe Idah alimwambia akae kando na aseme kwa mdomo, hatua moja moja. Hapo ndipo alipoanza kushika.

Siku ya somo la kwanza, watoto arobaini na wawili wa gredi ya tatu walikaa watatu watatu, macho kwa mwalimu. Tableti zikakataa kuwaka. Stima ilikuwa imepotea wikendi nzima na hakuna hata moja iliyoshika chaji.

Idah alifikiri kidogo, akazirudisha kabatini, akaenda kusimama mlangoni. Akawaambia watoto kwamba sasa yeye ni mashine. Mashine haina akili, inafanya inachoambiwa tu. Wao ndio wataifikisha ubaoni.

"Tembea!" wakasema.

Akatembea, akapita ubao, akagonga ukuta, na bado akaendelea kukanyaga papo hapo. Walicheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akachungulia dirishani. Jaribio la pili lilimwingiza kwenye ndoo ya maji. La tatu likamrudisha nje. Kisha akasimama Ndanu, msichana ambaye tangu muhula uanze hakuwa ameinua mkono.

"Mwalimu, hatua sita. Simama. Geuka kushoto. Hatua mbili. Simama."

Idah akajikuta mbele ya ubao.

Majuma matatu baadaye babake Ndanu, Muthoka, alikuja shuleni. Idah alijiandaa kulaumiwa, kwa maana wazazi wawili walikuwa wameshauliza kwa nini watoto wanacheza badala ya kusoma. Lakini Muthoka alikuja na habari ya pampu. Ana pampu ya petroli ya kuvuta maji mtoni, na mkewe huiogopa, kwa hiyo ni yeye tu aliyekuwa akiiwasha. Ndanu alikuwa amemfuata wiki nzima akimwuliza anashika nini kwanza, halafu nini, huku akiandika kwenye daftari. Ijumaa Muthoka alienda kumwona mgonjwa Thika, akalazimika kulala huko siku mbili, jua likiwa kali na miche ikiwa ndiyo imepandwa.

Mama na mtoto wakateremka mtoni na daftari. Ndanu akasoma, mamake akafuata. Pampu iliguruma, ikazima. Ikaguruma tena, ikazima. Wakakaa chini, wakapitia hatua zote, wakagundua kwamba kulikuwa na kidude ambacho baba hukirudisha ndani injini ikishika, na Ndanu hakuwa amekiandika. Akakiongeza. Maji yakapanda.

"Njiani nilikuwa nimeshaizika ile miche, mwalimu," Muthoka alisema. "Nikakuta shamba limelowa."

Akageuzageuza kofia yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba lile daftari lingemfaa hata yeye, ila hajui kusoma, na je, kuna mahali mtu mzima anaweza kuanzia?

"Njoo Jumatano saa kumi," Idah akamwambia. "Uje na Ndanu."

Alikuja. Siku hizi wako wazazi watano, magoti yamepanda juu kwenye viti vya watoto, wakifuatisha herufi kwenye tableti kwa vidole vilivyozoea jembe. Muthoka tayari husoma jina la bintiye na mabango ya barabarani. Idah amebakiza miaka minne astaafu, na Becky akimwuliza atafanya nini baadaye, yeye humjibu kwamba hajapata nafasi ya kulifikiria jambo hilo.