Nilitia mlio wa mbuzi juu ya wimbo wa tano

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma njiani, ukadhani kuna mwingine wa kulaumiwa. Visingizio nilikuwa navyo tele, vyote nimevijaribu, na hakuna hata kimoja kilichonipa usingizi.

Nilikuwa mtangazaji katika redio moja ndogo hapa Bunia. Kipindi changu cha Jumamosi mchana kilipendwa kwa sababu moja: nilikuwa napanga nyimbo. Nachukua albamu ya mtu, nazipanga nyimbo zake kuanzia tamu kuliko zote hadi mbovu kuliko zote, watu wanapiga simu, wanabishana, mji unachangamka. Wimbo ulioshika mkia naukatiza katikati kwa mlio wa mbuzi niliourekodi mwenyewe sokoni Mudzipela. Watu waliungoja mlio ule kuliko nyimbo zenyewe. Watoto wakiniona barabarani walinililia kama mbuzi, nami natembea kifua mbele, mjinga mimi!

Basi rafiki yangu tangu shuleni, mwalimu wa Kifaransa, akaniletea albamu yake. Alikuwa ameandika riwaya na kuipiga fotokopi kwa fedha yake. Halafu yeye na wenzake wakaigeuza kuwa muziki wa metali, ule mzito wa gitaa za kunguruma na ngoma za kupasua kifua. Mwalimu mpole yule, akishika maikrofoni, sauti inamtoka kama ya mtu anayezama. Nyimbo zilikuwa tano, kila wimbo mtoto mmoja wa riwaya: Wa Kwanza, Wa Pili, hivyo hivyo hadi Wa Tano.

"Ndeko, ndugu yangu, hii usiipange," aliniambia. "Uipige yote, kuanza ya kwanza mupaka ya tano, usikate. Mama anasikilizaka emisyo yako ya Jumamosi. Iko neno nataka asikie."

"Neno gani? Si umuambie tu ku nyumba?"

"Ile siwezi kumuambia uso kwa uso."

Akaniachia na kitabu. Alisema nikisome kwanza, nitaelewa. Nilimwahidi yote mawili. Kitabu kilikuwa na Kifaransa kigumu na herufi zilizobanana, nikakiacha mezani nikawa nakiwekea kikombe cha chai.

Jumamosi nilianza vizuri. Lakini Wa Kwanza hajafika hata nusu, simu ikaita. "Mutangazaji, ni shetani gani hiyo munafungulia?" Mpigaji wa pili akaomba rumba. Mwingine akasema anahamia redio nyingine. Niliogopa. Nitakuwa mkweli: niliogopa kupoteza watu, nikamsahau mmoja aliyeniamini.

Nikasema, haya wapendwa, basi tuipange. Hapo simu hazikukatika. Wa Tatu tukamweka juu kabisa, maana gitaa lake linakimbia. Wa Kwanza akashuka hadi nafasi ya nne. Nilikuwa nacheka peke yangu studioni. Wa Tano ulikuwa mrefu, wa taratibu, karibu hauna maneno, ngoma inagonga moja, inanyamaza, inagonga tena. "Huyu Wa Tano amelala," nilisema hewani. "Huyu ndiye wa mwisho. Ingekuwa mimi, ningemwacha." Nikabonyeza mbuzi.

Jumatatu asubuhi mama mmoja alinikuta mlangoni pa redio. Kitenge safi, rozari shingoni, viatu vimejaa vumbi. Nilimtambua, ni mama yake Mwalimu, nimekula kwake mara nyingi.

"Mwana wangu, ni weye ulipanga bale batoto?"

"Nyimbo, mama. Nilipanga nyimbo."

"Wa Tano, ulimuweka mwisho juu ya nini?"

Nikamweleza kama mtaalamu. Nikasema wimbo hauna maneno, mpigaji ngoma anachelewa, msikilizaji anachoka. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Na ile mbuzi?"

"Ni ya kuchekesha tu, mama."

"Aa. Basi batu balimucheka." Akatengeneza kitenge chake. "Haukukosa, mwana wangu. Hata miye nilimuweka mwisho."

Akaondoka kwa miguu. Mimi nikaingia kazini, nikamwambia mwenzangu kwamba wazee wa siku hizi nao wanasikiliza metali.

Jioni alikuja Mwalimu. Hakunigombeza, na laiti angenigombeza! Aliketi, akanisimulia kile ambacho kilikuwa kwenye kitabu changu cha kuwekea chai.

Riwaya ile haikuwa ya kubuni. Walipokimbia vita kutoka Djugu, baba yao ameshafariki, mama alifika mtoni na watoto watano. Mvua ilikuwa imeujaza mto. Akawavusha mgongoni, mmoja mmoja. Alianza na Mwalimu, mkubwa wao, ili awashike wenzake ng'ambo. Wa mwisho alimwacha binti mtulivu, yule ambaye ukimwambia ngoja, anangoja bila kulia. Aliporudi kumchukua, ule ukingo aliomkalishia ulikuwa umeondoka na maji.

Tangu siku ile, nyumbani kwao hakuna aliyelitaja jina la mtoto huyo. Mama hakulisema na watoto hawakuthubutu. Mwalimu alikaa na neno lake miaka yote, akaliandika katika kitabu ambacho mama hawezi kusoma, ndipo akalipigia gitaa.

"Haukufika mwisho wa wimbo," aliniambia. Akaufungua kwenye simu.

Kule mwisho gitaa zinanyamaza, ngoma inanyamaza, na inasikika sauti yake ya kawaida, ile ya darasani: "Mama, siye batoto bane tulikuwa ng'ambo, tuliona. Haikukuwa weye. Ilikuwa maji."

Nililia hadi nikaona haya. Nikasema twende, twende sasa hivi, asikie.

Tulimkuta anapepeta mchele. Nikapiga magoti, nikaomba radhi, nikaeleza yote: kitabu, simu za watu, woga wangu. Mwalimu akaufungua wimbo. Tukakaa watatu tukiusikiliza hadi kwenye yale maneno. Mama alikuwa anatazama mchele.

"Ni muzuri," alisema. "Aksanti. Muliongeza leo?"

"Hapana, Mama. Iko mu wimbo tangu mwanzo."

"Siku ya radio haikukuwa. Nilisikia na masikio yangu. Ngoma iligonga, kisha mbuzi ililia, kisha batu balicheka." Akamgusa mwanawe begani. "Muliona nimelia ile siku, mukatia maneno juu ya kunibembeleza. Hakuna mubaya. Muko batoto bazuri. Mukae, mutakula."

Mwalimu aliapa mara nyingi. Akamletea wenzake wa bendi, nao wakaapa. Mama anawaitikia wote kwa upole, kama mtu anayetulizwa msibani.

Kipindi nilikiacha. Mwalimu tunasalimiana, ila hakai tena kwangu, na zile gitaa sijasikia zimeguswa. Na Bunia hii mbuzi ni wengi, ndugu zangu. Napita sokoni, mmoja analia nyuma ya kibanda, nami nageuza njia hapo hapo.

Wewe unayesoma, huenda huna redio. Mdomo unao. Ukiletewa kitu cha mtu na ukaombwa ukifikishe, kifikishe kizima. Usikipime kabla hujakijua. Mimi nilidhani neno likikatizwa leo litasemwa kesho, lakini kuna neno lina siku yake moja tu ya kuaminiwa.

Siku ile mama alinisamehe papo hapo, akanipakulia wali mwingi kuliko mwanawe. Radhi niliyoiomba aliiamini. Msamaha wa watoto wake ndio hauamini mpaka leo.