Mshika Kizimio wa Mama Mkwe

Kwa miaka ishirini na minne nilikaa bega kwa bega na Nadine Stuckey juu ya mnara wa mbao, kwenye uwanja wa maonyesho wa kaunti yetu, kusini mwa Missouri. Mimi nilishika kipaza sauti, yeye alishika kizimio. Mimi nilibwabwaja, yeye alinyamaza. Jina langu, Orval Teague, hapa kwetu linajulikana hata na mbwa, lakini wengi hawakujua kwamba pembeni yangu palikuwa na mtu. Jambo hilo limenikera muda mrefu, na sehemu ya kosa ni yangu.

Kizimio ni kisanduku cheusi cha kuenea kiganjani, chenye kitufe kimoja chekundu. Uwanjani kwetu hushindanishwa magari ya matairi makubwa, yanayoruka na kuponda magari mabovu yaliyopangwa safu. Dereva akizidiwa, au kanyagio la mafuta likinasa, mwenye kizimio anabonyeza na injini inakufa palepale, dereva atake asitake. Gari lenyewe ni tani tano, na tairi moja linamfika mtu mzima kidevuni. Kwa hiyo kitufe kile hapewi mtu hivihivi.

Gari la akina Stuckey liliitwa Mama Mkwe. Dwight, mumewe Nadine, alilijenga ghalani mwaka 1985 kwa pikapu kuukuu na matairi ya mashine ya kumwaga mbolea. Majira yote ya baridi alikuwa anayachonga matairi yale kwa kisu cha moto ili yapungue uzito. Jina alilitoa kumchokoza Bi Opal, mama yake Nadine, ambaye tangu siku ya harusi hakuwahi kumtazama Dwight bila kukunja uso. Tulikaa tukingoja vita. Bi Opal akaja, akalizunguka gari mara mbili, akauliza, "Linaponda magari mangapi?"

"Sita, mama."

"Fanya manane."

Akaenda kufungua kiti chake cha kukunja, na hakukosa shindano hata moja mpaka alipofariki mwaka 2003.

Kizimio alipewa Nadine kwa sababu Dwight hakumwamini mwingine. Alimfundisha sheria moja tu: angalia magurudumu, usiangalie dirisha. Dirishani kuna mtu, na ukimwona mtu moyo utakurukia. Magurudumu ndiyo yanayokwambia kama gari bado linarudi chini au limeshakwenda kupinduka. Nadine aliirudia sheria hiyo jikoni akipika, nikimsikia kwa masikio yangu.

Mwaka 1988 fainali ya jimbo ilifanyika hapa kwetu. Mama Mkwe aliyaruka magari yote manane, akiwa mbele ya mpinzani wake, Mla Chuma, kwa urefu wa gari zima. Akatua upande, akabaki amesimama kwa matairi mawili ya kulia. Dereva mzuri hapo anakata usukani na kukanyaga mafuta, na gari linaweza kurudi chini. Linaweza. Nadine akabonyeza. Injini ikafa, na Mama Mkwe akalala taratibu, kisha akageuka juu chini mbele ya watu elfu tatu.

Dwight alitoka mzima, bila mkwaruzo, akapanda ngazi za mnara na kofia yake ngumu mkononi.

"Nilikuwa nimelishika!"

"Lilikuwa limeshakwenda, Dwight."

"Nilikuwa nimelishika, mwanamke! Nusu sekunde tu!"

"Limeshakwenda, nimekwambia."

Wiki tatu Dwight alilala kwenye kochi, na hakuna aliyemfukuza chumbani. Baadaye walipatana kwa kila kitu isipokuwa hilo. Ilikuwa mtu akigusia mwaka ule wakati bata mzinga wa sikukuu yuko mezani, Dwight anasema nilikuwa nimelishika, Nadine anasema limeshakwenda, na Bi Opal anaomba apitishiwe viazi. Kombe la jimbo hawakulipata kamwe.

Mwaka 1996 mgongo wa Dwight uligoma. Akaajiriwa Gaylon Pruitt, mwembamba, mpole, mtu wa kusali kabla ya kufunga mkanda. Viti vya magari haya humiminwa povu likaganda kufuata mgongo wa dereva, kwa hiyo kile cha Dwight kilimwacha Gaylon akielea. Wakammiminia chake, na cha Dwight kikatundikwa ukutani ghalani, na umbo la mabega yake limo ndani. Nadine alikuwa akikipangusa vumbi kila Jumamosi. Dwight alijifanya haoni.

Siku moja ya mwaka 2001 kanyagio la mafuta lilinasa, na Gaylon akawa anakwenda moja kwa moja kwenye uzio, upande walikokaa watoto wa kwaya ya shule. Nadine alibonyeza kabla mimi sijavuta pumzi. Mama Mkwe akasimama hatua mbili kutoka kwenye uzio. Watu walizomea kwa sababu onyesho limekatika. Mimi nilisema kwenye kipaza sauti, "Hitilafu ndogo, ndugu zangu, mahindi ya kuchoma yapo." Sikumtaja Nadine. Nikikumbuka hadi leo naona aibu.

Gaylon alipochukuliwa na timu kubwa ya mjini, Janell akaomba zamu. Ni binti wa pekee wa Dwight na Nadine, wakati huo ana miaka ishirini na minne na ubishi wa baba yake. Nadine alikataa mwezi mzima. Kisha akasema, "Sawa. Lakini kizimio ni changu." Akamiminiwa kiti cha tatu, na cha Gaylon kikatundikwa kando ya kile cha Dwight.

Misimu mitatu ilikwenda vizuri. Halafu, Julai 2009, Nadine akaniinamia pale juu ya mnara akaninong'oneza, "Orval, yale matairi siyaoni. Naona vumbi tu." Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alisema atampasua jicho moja moja, baada ya mavuno. Na maonyesho yetu ni Agosti.

Janell alipoambiwa alivua glavu akazitupa chini. "Kama si wewe, mama, mimi sipandi."

"Utapanda. Atashika baba yako."

"Baba? Huyu anayesinzia mbele ya televisheni?"

"Nasikia," alisema Dwight.

"Sheria ameitunga yeye," Nadine akasema. "Acha aitumie."

Dwight alikipokea kizimio akikigeuzageuza, akatabasamu upande mmoja. "Angalau mimi sitabonyeza kwa woga, kama watu fulani."

Nadine alikwenda kukoroga chai ya barafu, na nadhani aliikoroga kuliko ilivyohitaji.

Siku ya fainali joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Tulikaa watatu mnarani: mimi, Dwight katikati, Nadine mwisho, macho yake yakielekea uwanjani bila kuona kitu. Mpinzani alikuwa Mla Chuma yuleyule, sasa na dereva mwingine. Janell alianza vizuri mno. Aliruka magari manane, akiwa mbele, nikaanza kupiga kelele, kisha Mama Mkwe akatua upande, akabaki kwa matairi mawili ya kulia.

Nilisikia kitufe kikilia tik.

Injini ikanyamaza. Gari likalala, likageuka juu chini, taratibu kama mara ile.

"Orval," Nadine akanishika shati. "Ametoka?"

"Ametoka. Amesimama juu ya gari, anatukana."

"Mungu ashukuriwe."

Sauti ya Janell ilitufikia bila kipaza sauti. "Nani kabonyeza? Nilikuwa nimelishika! Baba! Nilikuwa nimelishika!"

Dwight alikuwa anakitazama kidole gumba chake. Nimemjua mzee huyu toka tukiwa shule, sijawahi kumwona amenywea vile.

"Nadine," akasema, "niliangalia dirisha."

"Najua."

"Nikamwona mtoto. Matairi sikuyaona kabisa. Sijui kama lilikuwa linarudi. Sijui." Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Na mimi nimekusema miaka ishirini na moja."

Nadine akamtafuta mkono kwa kupapasa, akaupata.

"Hata mimi sijui, Dwight. Nilisema limeshakwenda ili nisishindwe. Magurudumu sikuyaangalia siku ile. Nilikuona wewe."

Nikazima kipaza sauti changu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya katikati ya fainali. Nililia, na sioni haya kulisema. Janell alipanda ngazi akiwa amejaa hasira na vumbi, akafika juu, akawakuta wazazi wake wameshikana mikono kama vijana kanisani, akasahau alichokuja kugomba.

Dwight alitaka kukirudisha kizimio siku ileile. Nadine akamrudishia kiganjani na kumkunja vidole. "Sasa ndiyo umejifunza. Kaa nacho."

Janell naye alikaa ghalani siku mbili na makopo ya rangi. Jumamosi iliyofuata Mama Mkwe alipoingia uwanjani, nilimtangaza dereva, kisha kwa mara ya kwanza nikamtangaza Dwight Stuckey mwenye kizimio, na Nadine Stuckey aliyekishika kabla yake miaka ishirini na minne bila mimi kusema lolote. Watu wakasimama. Nadine aliinamisha kichwa, akaniambia ninyamaze.

Dirisha la upande wa mnara lilikuwa limepakwa rangi lote, dereva haonekani. Pale Janell alikuwa amemchora Bi Opal, na uso wake ule umekunjwa, akimkodolea Dwight macho.

"Amechora nini?" Nadine aliuliza. "Nakiona kitu cheupe tu."

"Mama yako," Dwight akamwambia, na haraka akageuza macho kwenye magurudumu.