Unywele wa Stesheni

Kuishi na mtu anayeona vumbi si mchezo. Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, alihamia kwetu mwaka aliofiwa na mumewe, na tangu hapo sijanywa chai kwenye kikombe ambacho hakijainuliwa kwanza dirishani kikakaguliwa. Kazini wanamwita Mama Vumbi. Nyumbani hatuthubutu, labda tukiwa jikoni mimi na mke wangu, na mlango umefungwa.

Kazi yake ni kusafisha filamu. Si kwa sabuni, ingawa jirani yetu anaamini hivyo mpaka leo, na aliwahi kumletea zulia. Filamu za zamani hutolewa ghalani zimekwaruzwa, zimefifia, nyingine zimeota ukungu. Mashine huzinakili picha moja moja na kuziingiza kwenye kompyuta, naye hukaa katika chumba chenye pazia jeusi akafuta alama kwa kalamu ya kielektroniki, moja baada ya nyingine. Kila sekunde ya filamu ina picha ishirini na nne, zidisha mwenyewe. Kazi ikiisha inauzwa kwenye diski, watu wanatazama sebuleni mwao na kusema picha safi, wala hawajui kuna mwanamke aliyeumwa shingo kwa ajili yao. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mimi nilikuwa fundi wa makochi mpaka magoti yalipogoma. Siku hizi kazi yangu kubwa ni kumpelekea shemeji chakula cha mchana, maana akiachiwa mwenyewe atashindia biskuti. Huko ndiko nilikojifunza sheria zake, nazo ni mbili. Kwanza, usilainishe nyuso za watu. Picha ya filamu imejaa vichembe vidogo vidogo, na mashine ukiiachia itavipangusa vyote, waigizaji wabaki na ngozi ya mdoli. Tukitazama diski za namna hiyo nyumbani, hukunja mikono akasema, "Huyu mama ana miaka sitini. Mikunjo yake wameipeleka wapi?" Kisha hatutazami tena, tunamsikiliza yeye.

Sheria ya pili: futa kilichoingia baada ya filamu kupigwa. Kilichokuwepo siku ile, mbele ya kamera au ndani yake, kiache, si chako. Hii aliivunja mwenyewe.

Ilikuwa filamu ya mapenzi, ya zamani sana. Katikati kuna onyesho la stesheni: mwanamume ameketi kwenye benchi akimngoja mchumba wake, treni imeshaondoka, na kamera haisogei dakika mbili nzima. Chini kushoto kulikuwa na unywele. Umejikunja, unatetemeka, dakika zote mbili. Sasa, vumbi lililo juu ya mkanda huonekana kwenye picha moja na kutoweka kwenye inayofuata. Unywele unaong'ang'ania pale pale ni ule uliokwama ndani ya kamera siku ya kupiga. Shemeji alilijua hilo kama ninavyojua mimi kupigilia msumari.

Lakini unywele ule ulipita juu ya viatu vya yule mwanamume, na kuuondoa kulihitaji kuchora upya viatu na kokoto zilizo nyuma yake, picha baada ya picha. Mkuu wa ofisi alisema hauondoki. Kosa. Shemeji ukimwambia kitu hakiwezekani, umemwagia mafuta ya taa motoni.

Picha elfu mbili mia nane na themanini. Wiki tatu. Kila tulipoketi kula tulipewa taarifa: "Leo nimemaliza kiatu cha kulia." Siku aliyomaliza alikuja na keki. Sijapata kumwona amevimba kichwa namna ile, na nisiseme uongo, nilifurahi naye. Keki nilikula vipande vitatu.

Mpiga picha wa filamu ile alikuwa bado hai, mzee wa miaka themanini na kitu, mkongojo mkononi na shati limepigwa pasi vizuri. Ofisi ilimwalika aje kuthibitisha rangi na mwanga kabla diski hazijatengenezwa. Aliingia wakati nafungua vyombo vya chakula.

"Shikamoo mzee," tukasema mimi na shemeji.

"Marahaba, wanangu. Haya, nionyesheni ujana wangu."

Nikajibanza pembeni, nani angeondoka? Mzee alitazama mdomo wazi. "Mwanga wangu huo!" alisema. "Mwanangu, umenirudishia jioni ile ile." Shemeji alikuwa anang'aa kuliko skrini. Likaja onyesho la stesheni. Mzee akainama mbele. Lilipokwisha akaomba lirudiwe. Kisha akaomba tena.

"Mwanangu," akauliza, "unywele uko wapi?"

"Nimeutoa, mzee," shemeji akajibu kwa madaha. "Wiki tatu. Huoni hata alama."

"Kweli, sioni hata alama." Akavua miwani, akaishika mapajani. "Ulikuwa wa mke wangu."

Mzee akaendelea, taratibu, bila kulalamika. Mkewe ndiye aliyekuwa akimpakilia mkanda kwenye kamera, filamu kumi na moja. Asubuhi ile ya stesheni alikuja kichwa wazi.

"Nikamwambia, funga kitambaa, nywele zitaingia. Akanijibu, wewe angalia kamera yako, kichwa changu niachie mwenyewe. Basi. Tulipokuja kuona picha, unywele huo hapo, na mkanda wa kurudia hatuna. Nikamnunia siku nne." Akacheka kidogo. "Ana miaka sita sasa tangu atangulie. Jina lake hawakuliandika kwenye filamu hata moja. Sura yake haimo. Kilichoingia ni huo unywele tu. Kwenye kaseti yangu ya nyumbani picha ni ukungu mtupu, unauona kwa kubahatisha. Nikasema moyoni, ikitoka diski nitauona vizuri."

Shemeji aliizima skrini.

"Usijali, mwanangu. Kazi yako ni nzuri, sijaona nzuri kama hii." Akaomba kalamu, akasaini karatasi ya kukubali, akatuaga kwa adabu zake zote. Tulisikia mkongojo wake mpaka mwisho wa korido.

Jioni shemeji alisogeza sahani pembeni. Mimi na mdomo wangu, nikataka kumchangamsha. "Shemeji, unywele ni unywele. Ungekuwa kwenye wali tungeutupa." Mke wangu alinifinya chini ya meza, nilistahili.

"Nilijua," shemeji akasema. "Nilijua ni wa kamera tangu picha ya kwanza. Sikuutoa kwa kuwa ni uchafu. Niliutoa nionekane naweza." Akaanza kulia, yeye ambaye hata msibani ndiye aliyekuwa akitugawia leso. Nilimwonea huruma, na niliona aibu kwa mzaha wangu.

Asubuhi alipiga moyo konde, akamwendea mkuu wa ofisi. Mkuu huyo si mtu mbaya, ila anawaogopa wateja kuliko radi.

"Mama, mtu akiona unywele sebuleni kwake atasema tumemuuzia diski mbovu. Mzee mwenyewe ameshasaini. Na wiki zako tatu je?"

"Wiki tatu ni zangu," shemeji akamjibu. "Nimezisamehe."

Akamkalisha, akamwonyesha onyesho lenye unywele na lisilo nao, akamsimulia yote. Mkuu alikuna kidevu, mwisho akasema sawa, lakini maelezo yaandikwe nyuma ya kasha la diski, mteja ajue. Shemeji akakubali haraka sana, maana hilo ndilo alilokuwa akilitaka. Alimpigia mzee simu, akamuuliza jina kamili la marehemu, majina yote matatu na herufi zake. Hakumwambia ni la nini.

Picha zilizonakiliwa mwanzo zilikuwa zimehifadhiwa, kwa hiyo unywele haukupotea. Ila vumbi lake nalo lilirudi, ikabidi alifute upya lote, akikwepa unywele. Siku saba. Safari hii hakutupa taarifa mezani. Alikula vizuri, akalala vizuri, na vikombe vyangu vikakaguliwa kama kawaida.

Diski ilipotoka, tulimwalika mzee kwetu Jumapili alasiri. Nilimpa kochi nililolitengeneza kwa mikono yangu. Jirani wa zulia naye alikuja, hajaalikwa, na karanga zake. Kasha tuliliweka mezani limelazwa kifudifudi, mgongo wenye jina la marehemu ukiwa juu, na juu yake mke wangu akaweka kitambaa cha meza. Tulitaka mzee apate unywele kwanza, jina baadaye.

Stesheni ikafika. Benchi, viatu, kokoto moja moja. Na chini kushoto, mweusi, mwembamba, umejikunja mara mbili, unatetemeka. Kwenye kaseti hata hiyo mikunjo miwili isingeonekana.

"Jamani," jirani akasema, akainuka na ncha ya kanga yake, "TV yenu ina unywele."

"Usiguse!" tukapiga kelele watu watatu. Karanga zikamwagika.

Mzee hakugeuka. Aliushika mkongojo, akanyanyuka, akaenda kusimama karibu kabisa na kioo, akiwa ameinama. Shemeji alinishika mkono, akaubana. Mzee alitazama mpaka sekunde ya mwisho ya dakika zile mbili, kisha akatikisa kichwa akitabasamu.

"Si nilikwambia," akasema, "ufunge kitambaa."