Dang'a Niliyoichemsha

Siku ya kwanza nilifika shambani na viatu vya kanisani. Furaha, binti yangu ninayekaa naye huku ugenini, Cedar Hill, alikuwa ameniambia ni kazi ya usafi, nami nikafikiri ofisi. Aliyenipokea ni Bwana Elisante, Mtanzania, msimamizi wa zizi. Alinitazama miguu.

"Mama Furaha, hapa hatuna kwaya," akasema, akanipa buti za mpira.

Wanyama wenyewe ni alpaka. Ni jamaa wa ngamia ila hana nundu, na manyoya yake hufumwa sweta. Mimi kule kwetu Fizi, Kongo, niliishia darasa la tatu, lakini jina nikilisikia mara moja limebaki. Majike ya wakati ule yalikuwa Rosita, Pepa, Duchesi na Klementina, yule mtemaji wa mate.

Alpaka huzaa asubuhi, jua likishapanda. Bwana Elisante alinifundisha kwamba mtoto wake huzaliwa hana kinga ya magonjwa. Kinga huipata kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza, mazito, ya manjano. Lazima ainywe saa zile zile za mwanzo, maana baadaye tumbo hujifunga, kinga haipiti tena kuingia kwenye damu. Ndiyo sababu tuliweka dang'a ya mbuzi kwenye friza, kwa ajili ya mama asiye na maziwa.

Rosita alizaa mtoto wa kike, lakini chuchu za mama zilikuwa kavu. Bwana Elisante alikuwa amekwenda kuchukua majani makavu. Kwenye friza ilibaki chupa moja.

"Iyeyushe umpe haraka," akaniambia kwa simu.

Nami nikafanya kama nilivyolelewa, kwamba mtoto hapewi maziwa ya mnyama bila kuchemshwa. Nikaweka sufuria motoni. Dang'a yote ikaganda kama yai.

Aliporudi alichungulia sufuria. "Mama Furaha, ume-boil?"

"Nimechemsha, ndiyo. Maziwa mabichi si yanaua mtoto?"

"Hii ilitaka maji ya uvuguvugu tu. Moto umeua kinga yote." Akachukua funguo za gari. "Kosa ni langu, sikukuelekeza. Panda gari."

Tulizunguka kwa wafuga mbuzi watatu, na tulipopata dang'a saa zilikuwa zimekwenda mno. Mtoto alikunywa, lakini kesho yake Daktari Ruth, daktari wa mifugo, akampima damu, akatikisa kichwa. Kinga ilikuwa kidogo sana. Ugonjwa wowote ungemchukua. Akamtundikia plazma, yaani maji ya manjano ya damu, aliyokuwa ameyatoa kwa Klementina na kuyagandisha. Mimi nilishika shingo ile nyembamba mpaka mfuko ukaisha. Siku mbili mtoto alilala tu. Ya tatu akasimama, akanipiga kichwa kwenye goti akitafuta chupa.

"Mpe jina," Bwana Elisante akasema. Nikamwita Riziki.

Nilifanya kazi pale hadi magoti yalipokataa. Riziki mwenyewe alikuwa ameshazaa mara mbili. Siku ya mwisho nilikuwa nje ya chumba cha maziwa navua buti, Bwana Elisante yuko ndani na mfanyakazi mpya, binti wa Kikenya aitwaye Wanjiru.

"Dang'a usiichemshe," alimwambia. "Mimi nikiwa mgeni nilichemsha chupa ya mwisho. Nusura mtoto afe."

"Wewe, boss? Acha hizo."

"Mimi. Muulize Mama Furaha, alikuwepo."

Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiwafundisha wageni hivyo. Nikaingia na buti moja mguuni.

"Binti, aliyechemsha ni mimi," nikasema. "Huyu ndiye aliyenipandisha gari."

Sasa nashinda nyumbani kwa Furaha. Wajukuu huniuliza kwa Kiingereza nilifanya kazi gani, nami huwajibu kwa majina: Rosita, Pepa, Duchesi, Klementina, Riziki. La Bwana Elisante huwa nalitaja kwanza.