Mpulizaji wa Salfa Mwenye Jezi Namba Tisa

Jamani, kuna watu nikiwaona sokoni hadi leo najifanya nachagua nyanya, na ninyi nawasimulia jambo lenyewe kwa sababu mtalisikia tu kwa wengine, tena wataliongezea chumvi, kwa hiyo bora mnicheke mbele yangu.

Mimi nilikuwa katibu wa timu yetu ya kata pale Ziwani (cheo hakina mshahara, kina lawama tu), na msimu uliopita wachezaji waligoma kupanda gari siku ya mechi kwa sababu mmoja wao alikuwa analipwa kuwapita wenzake kwa mbali. Basi ligi ilipoisha kamati ikakaa, ikaweka ukomo wa mshahara, mchezaji hapiti hapo hata awe anafunga kwa kisigino. Mwenyekiti wetu, Mzee Mfaume, akanikabidhi usajili na kuniambia, "Katibu, siku ukivuka huo ukomo, utafute na timu yako."

Shida ikawa Dadi. Dadi ni mshambuliaji, jezi namba tisa, kijana ana mashuti si mchezo, na timu moja ya Kilambo ilikuwa inammezea mate. Nilipomtajia ukomo wetu akacheka, akasema, "Katibu, mkono mtupu haulambwi." Sasa wiki ileile mama mkwe wangu, Bi Somoe, alikuwa amenipa hela nimtafutie mtu wa kupulizia mikorosho yake salfa, ile dawa ya unga wa njano, maana ilikuwa imeanza kutoa maua, na ua la mkorosho likishaingiwa na ugonjwa wa ubwiriunga mnajua wenyewe, hakuna korosho hapo. Mama wa watu ni mjane, korosho ndiyo chakula chake cha mwaka mzima. Nami nikajiona nina akili kuliko kamati nzima! Nikamwambia Dadi, kwenye timu utapokea sawa na wenzako, kinachozidi utakipata kama mpulizaji wa mama mkwe wangu.

"Mimi salfa siijui, katibu."

"Nani kakwambia upulize? Hiyo ni ya jina tu. Nitapuliza mwenyewe Jumamosi."

Jumamosi nikaenda kumbembeleza kipa. Jumamosi iliyofuata tukawa na mechi ya kirafiki. Iliyofuata hiyo (msiniulize) nililala. Bi Somoe akiniuliza kama mpulizaji amepatikana, najibu nimeinamisha kichwa, kwa sababu kwetu mama mkwe humkodolei macho, na kubishana naye ndiyo kabisa usithubutu: "Amepatikana, mama, anaitwa Dadi, kijana ana nguvu huyo."

Ikafika siku ya kuwatambulisha wachezaji uwanjani, kata nzima ipo. Mzee Mfaume kashika kipaza sauti, anajisifu kwamba hakuna mchezaji hata mmoja aliyevuka ukomo, shukrani kwa katibu, watu wananipigia makofi na mimi nawapungia mkono kama mbunge. Kisha akamwita Dadi. Yarabi! Mara namwona Bi Somoe anakatiza katikati ya uwanja, katoka shambani moja kwa moja, mkononi kashika tawi la mkorosho, maua yote yamekauka.

"Ndiye wewe Dadi, mpulizaji wangu?"

Dadi naye hajui kuficha jambo, na kipaza sauti kipo mbele yake. "Ndiyo, mama, lakini katibu alisema ni ya jina tu."

Uwanja ukalipuka kwa vicheko. Mzee Mfaume akaniuliza, "Katibu, huyu tunamlipa sisi au anamlipa mkweo?" Nikataka kujitetea, lakini Bi Somoe ananitazama usoni, sina pa kuweka macho, nikageuka nikaanza kujieleza nimeuelekea mwamba wa goli, wakadhani nakimbia, vijana wawili wakanidaka mashati! Kipa akapaza sauti, "Na mimi nataka shamba la kupulizia!" Beki naye akataka shamba, wa akiba wakataka mashamba, kila mtu mpulizaji.

Bi Somoe yeye hakucheka. Akanisogelea, akasema taratibu, "Baba Zulfa, mimi mpira siujui. Niambie tu, mwaka huu nitakula nini?" Hapo ndipo niliona aibu kwelikweli. Vicheko vya watu ningevivumilia, swali lile hapana.

Ukatibu uliishia palepale. Dadi alikwenda Kilambo, na hela ya mama mkwe niliyompa alikuwa ameshaimalizia kwenye pikipiki yake. Kesho yake alfajiri, kabla ya upepo, nikaazima mashine, nikaibeba mgongoni, nikaanza kupuliza, natoka shambani njano kuanzia nywele hadi kandambili, na mashabiki wamejipanga njiani wananiimbia, "Namba tisa! Namba tisa!" Nikaenda hivyo mpaka maua yaliyobaki yakashika korosho. Si nyingi, lakini alivuna.

Siku ya kumaliza mavuno Bi Somoe akanitengea chai na muhogo, akasema, "Baba Zulfa, mwakani usihangaike kutafuta mtu. Mpulizaji nimeshampata."

Nikauliza, macho chini, "Na malipo yake, mama?"

"Mkwe halipwi."

Basi usajili nimeuacha, sirudi tena. Na mtu akinijia na ujanja wa kukwepa ukomo wa mishahara, namwambia akapulizie mkorosho mmoja kwanza, akishaoga ndipo tuongee.