Majani Meupe kwenye Njia Panda ya Nyamitaba

Tarehe 7 Machi 1963, Alhamisi. Mvua ilinyesha usiku kucha juu ya Nyamitaba, ikakatika alfajiri, ukungu ukabaki vilimani mpaka saa nne.

Asubuhi hiyo Mama Emérita alirudi kutoka Kashuga, alikokwenda kumzika mjomba wake. Kabla ya kutua mzigo alipita kando ya ukuta wa nyumba kubwa, kwenye tuta refu la maua aliloajiriwa kulitunza, akasimama. Yalibaki machipukizi machache ya kijani tupu. Mengine yote yalikuwa yameng'olewa.

Maua hayo hakuwahi kuyapenda. Mke wa mkulima Mbelgiji aliyeyaleta aliyaita floksi. Juu yalikuwa na kishada cha rangi ya waridi, na chini majani ya kijani yenye ukingo mweupe. Kwa Emérita jani lenye weupe ni jani gonjwa, liwe la muhogo au la maharagwe. Wakati wa mvua yaliota pia unga wa ukungu, ukamganda vidoleni kama magamba ya upele. Aliyapalilia huku amebana pumzi. Kilichomchefua zaidi ni kazi yenyewe, kwa kuwa shina likitoa tawi la kijani tupu, lenye afya, ndilo la kung'oa, la sivyo litayameza yale meupe. Mkulima gani huua mzima ili kumlinda mgonjwa?

Alivumilia kwa sababu ya shamba. Wazungu walipoondoka, nyumba ilinunuliwa na mfanyabiashara wa Butembo, na mkewe, Mama Régine, aliyapenda majani yale kuliko maua. Alisema waziwazi: yakiishi, Emérita alime maharagwe nyuma ya nyumba, yakifa, shamba atapewa mwingine. Emérita hakuwa na shamba jingine, na mbegu alikwisha kuzichambua.

Alimkuta wifi yake Libérata, aliyemwachia tuta alipokwenda msibani, akianika nguo.

"Libérata, maua iko wapi?"

"Si ile pale? Nilikusaidia, dada. Ile yenye ukoma niliing'oa, niliitosha yote, nikakuachia mizima."

"Ukaitupa wapi?"

"Mama yako hakukufundisha? Ku njia panda."

Kwa wanawake wa ukoo wao mmea mgonjwa hauchomwi wala hauachwi shambani. Hutupwa pale njia zinapoachana, na kila apitaye huutemea mate ili ugonjwa usimfuate nyumbani. Libérata hakusahau hata kimoja alichofundishwa.

Emérita alijua kwamba mizizi iliyosalia udongoni haitamwokoa. Aliwahi kuotesha vipande vya mizizi ya floksi ile, na vyote vikatoa majani ya kijani tupu. Ilibidi apate kisiki chenyewe, na shina lake. Akaenda njia panda.

Lundo lilikuwa la mihogo na maharagwe yaliyooza, limelainika kwa mvua. Watu waendao sokoni walikwisha kupita na kutema upya. Makohozi ya wavuta tumbaku yalining'inia kwenye mabua. Alikunja kitenge, akapiga magoti, akageuza uso, akauzamisha mkono wa kulia mpaka kiwiko. Ndani kulikuwa na joto.

Akiwa katika hali hiyo, lori la Mama Régine lilitokea upande wa Sake, likasimama, mwenyewe akiwa kando ya dereva.

"Mama Emérita, unatafuta nini mu ule uchafu?"

"Maua yako, Mama."

"Nani aliitupa pale?"

"Ni wifi yangu. Aliona iko na ukoma."

Dereva, mtu wa vilima hivihivi, alitoa kichwa dirishani akatema. Mate yakaanguka karibu na goti la Emérita.

"Weye, hauone kama niko hapa?" Emérita alimwambia.

"Nitafanya je, Mama? Nikipita bila kutema, ni mimi nitaugua."

Vidole vya Emérita viligusa kitu kigumu. Alivuta kisiki kimoja, kina shina fupi na majani mawili, weupe wa ukingo wake ukiwa umefunikwa na ute. Akakiinua kuelekea dirishani. Mama Régine alijiziba pua.

"Usinipatie. Enda uipande." Aliutazama mkono ule kwa muda. "Mimi singetia mukono mule, hata ungenipa magazini nzima na bidhaa yake. Maharagwe yako, panda kesho. Lakini ule wifi yako asikanyage tena mu maua, na hiyo mukono isiguse mulango yangu."

Emérita alikipanda kisiki, akanawa kwa majivu, kisha kwa sabuni, kisha kwa majivu tena. Libérata alimwekea bugali na sombe ya majani ya muhogo, lakini hakula, kwa kuwa mkono wa kulia ndio uliozama lundoni.

Asubuhi ya Ijumaa alipanda maharagwe. Jembe alilishika kwa mkono wa kulia, mbegu akazidondosha kwa wa kushoto usiozoea. Nyingi zilianguka nje ya shimo, naye aliinama kila mara na kuziokota kwa huohuo wa kushoto.