Mkojo wa Farasi Mwingine

Usiku ule nililala na viatu miguuni, na Onyango akaja. Huyu Onyango alikuwa mpanda farasi wa mbio. Alikufa uwanjani, farasi aitwaye Tausi alipovunjika mguu kwenye kona akamlalia. Mimi ndiye niliyekuwa saisi wa Tausi. Kumlisha, kumsugua, kumtandika, yote mimi.

Alisimama mlangoni na shati lake la manjano la mbio, halina hata tone la tope.

"Bado uko hai, Baba Achieng?" akaniuliza kwa ule utani wake. "Na wembamba huo?"

Nikataka kucheka, mdomo ukakataa.

Mara hatumo chumbani. Tuko zizini, kunanuka nyasi kavu, Tausi anachechemea. Mkufunzi wetu Corwin yupo, na Daktari Sagini na sindano yake. Nawataja kwa sababu uwanja mzima ulisema kilichomuua Onyango ni utelezi wa mvua. Haikuwa mvua. Sagini anadunga, mguu unakufa ganzi, Tausi anakanyaga kama mzima. Anakimbia, anashinda.

Farasi akishinda hupimwa mkojo kuona kama ana dawa, na sisi masaisi ndio tunaompigia mluzi mpaka akojoe. Corwin ananinong'oneza, "Mpigie yule farasi mkongwe anayebebeshwa watoto." Nampigia. Mkojo safi wa mkongwe unajaa chupa, chupa inabandikwa jina la Tausi. Hakuna aliyejua. Mbio zilizofuata wakamdunga tena, na Onyango akapanda.

Sasa Onyango amenipa goti lake, nimwinue juu ya tandiko kama siku aliyokufa. Namwinua. Ni mwepesi, kama shati tupu.

"Ulijua," akasema.

Nikamwambia kwamba baadaye Corwin aliadhibiwa, kwamba farasi wake mwingine alinaswa na dawa, kamati ya mbio ikampiga faini ikamfungia msimu mzima.

"Kwa ajili yangu?"

Haikuwa kwa ajili yake. Sagini hata hakuulizwa. Na Corwin aliporudi, mimi nilirudi kwake kushika hatamu, maana njaa haina haya.

Akainama kutoka juu ya farasi, uso wake karibu na wangu.

"Leo mdogo wangu anampandia Corwin farasi. Na yeye utamwinua?"

Nikaamka. Kweli Otieno, mdogo wake Onyango, alikuwa anapanda siku hiyo, na jana yake nilikuwa nimeona goti la farasi atakayempanda limevimba, na Sagini akiingia zizini na mkoba wake. Nikaondoka kabla ya chai.

Nilimkuta Otieno amekaa kizingitini, anapiga buti rangi.

"Mzee, umekuja kuniombea? Leo tunashinda."

"Usipande," nikasema. "Farasi amedungwa. Wa kaka yako naye alidungwa, na mimi nilijua, na nikamwinua."

Brashi ikasimama mkononi mwake. Hakuniambia nikae.